Pete Nyekundu Kwenye Mikangazi Mizima

Kila mtu msituni alimwita Mama Darubini, hata mumewe alipotaka kumtania. Darubini yenyewe ilikuwa kuukuu, kioo cha kushoto kimepasuka. Aliachiwa na mtafiti mmoja aliyekaa pale miezi mitatu akihesabu ndege. Aliivaa shingoni tangu anaripoti kazini mpaka anatoka, na ukizungumza naye alikuwa na tabia ya kuangalia juu ya kichwa chako, kwenye matawi, hadi wageni wakadhani anawadharau. Hakuwa akimdharau mtu. Alikuwa akitafuta virukia.

Kirukia ni mmea ambao haujawahi kugusa udongo. Ndege anakula matunda yake madogo yenye ulimbo, anapangusa mdomo kwenye tawi, mbegu inanata hapo hapo. Ikichipua inatoboa gome, inazamisha mizizi ndani ya mti, na kuanzia siku hiyo inakunywa maji ambayo haikuyachota. Tawi linavimba pale iliposhika, kama goti la mgonjwa. Mti unakonda kuanzia juu, unadumaa, na kama hakuna aliyeona mapema, miaka michache baadaye unakufa umesimama. Lakini ukiutazama kwa mbali unapendeza, maana wakati wa ukame, majani ya mti yanapopungua, kirukia kinabaki kijani kibichi. Wengi wakipita walisema, angalia mkangazi ule ulivyo na nguvu. Yeye alisema, ule haumalizi miaka kumi.

Alianza kazi kwenye kitalu, akimwagilia miche. Siku moja aliokota tawi lililoanguka, akalipasua kwa panga juu ya meza ya kitalu na kumwonyesha msimamizi mizizi ya kirukia ilivyotambaa ndani ya mbao, myembamba kama nyuzi. Msimamizi alilitazama kwa muda, akamwambia aweke ndoo chini. Kuanzia hapo kazi yake ikawa kutembea msituni na makopo mawili ya rangi. Mstari mweupe kwenye shina ulimaanisha kuna tawi la kukatwa, na idadi ya mistari ilikuwa idadi ya virukia. Pete nyekundu kuzunguka shina ilimaanisha kirukia kimeingia kwenye shina lenyewe, mti hauponi, uangushwe. Katika miaka kumi na tisa pete nyekundu alizopiga hazikufika arobaini, na aliikumbuka miti hiyo mmoja mmoja, kama mtu anavyokumbuka misiba ya kwao.

Kuweka alama ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupanda, kukata tawi kwa msumeno mkono mzima chini ya kivimbe, kwa sababu mizizi hukimbia ndani kuliko macho yanavyoona, na kufanya hivyo kabla matunda hayajaiva. Kwa nusu hiyo alimleta mdogo wa mume wake.

Wakati huo huyo shemeji yake alikuwa hana kazi, anashinda kwenye kibanda cha kaka yake fundi viatu, akigongea watu misumari na kuwapigia soga. Mama Darubini alimwombea nafasi, akamnunulia suruali ngumu, akamfundisha kutofautisha kivimbe cha kirukia na kifundo cha kawaida cha mti. Alikuwa mwepesi mno huyo bwana. Haukupita mwezi watu wakampa jina la Mkwezi. Yeye akawa juu, shemeji yake chini ameshika kamba, miaka kumi na moja.

"Shemeji, ukichoka kushika sema mapema," alikuwa akimwambia kutoka juu. "Nisije nikazikwa kwa sababu ya mtu kupiga miayo."

"Wewe kata, maneno uyaache kwa kaka yako."

Mwaka wa tatu tawi alilokanyaga Mkwezi lilivunjika. Kamba ilipita kwenye viganja vya Mama Darubini kwa kasi ikavichuna ngozi, lakini hakuachia. Mkwezi akabaki ananing'inia kama shati kwenye waya. Jioni mama mkwe alikuja mwenyewe na dawa ya kupaka, akamshika ile mikono, akasema, "Umenirudishia mtoto." Kisha akaendelea kupaka dawa.

Mambo yalianza kugeuka alipokuja bwana misitu mpya. Alikuwa mtu mpole, mashati yake yamepigwa pasi, anasimama kila Mama Darubini anapoingia ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye kabati la bati, ramani ya msitu ukutani na feni inayolalamika. "Mama, hapa wewe ndiye mwalimu wetu," alimwambia siku ya kwanza. Alileta buti mpya kwa wafanyakazi wote. Alimsikiliza akieleza habari za ndege na ulimbo bila kutazama saa. Mama Darubini alirudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba safari hii wamepata bosi. Baadaye sana ndipo alipojua kuwa alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mwezi mmoja kabla ya virukia kuzaa matunda, walifanya ukaguzi wa kitalu namba saba. Msituni kitalu si cha miche tu, ni kila kipande cha msitu kilichopewa namba, na namba saba ndicho kilikuwa na mikangazi mikubwa kuliko yote, minene kiasi kwamba watu watatu hawakuweza kuizungushia mikono. Walipata miti themanini ya mstari mweupe na minne ya pete nyekundu. Mama Darubini alizoea kutaja namba za miti naye Mkwezi akaandika, kwa kuwa mikono ya Mama Darubini ilikuwa imejaa rangi. Ukurasa wa kuangusha ulikuwa na namba nne tu kule juu. Yeye akatia sahihi chini kabisa, mahali alipotia siku zote, katikati kukabaki kweupe. Alikuwa na haraka. Gari lilikuwa linamsubiri, kwa sababu bwana misitu alikuwa amempangia safari ya wiki tatu kwenda kufundisha wafanyakazi wa msitu mwingine. Safari ya kufundisha, tena kwa gari la ofisi. Mumewe alimpigia rangi viatu usiku wa kuamkia siku hiyo mpaka vikang'aa kama vya polisi.

"Peleka daftari ofisini, shemeji," alimwambia Mkwezi. "Ile minne iangushwe, na hii mingine tutaikata nikirudi, bado matunda ni mabichi."

"Usiwe na wasiwasi," Mkwezi akajibu. "Nenda ukafundishe watu, mwalimu."

Aliporudi, kilichomshtua kwanza kilikuwa jua. Njia ya kitalu namba saba ilikuwa ya kivuli, mtu alitembea kwenye ubaridi hata saa sita mchana. Sasa mwanga ulimpiga usoni kabla hajafika. Akasimama. Mbele yake kulikuwa na visiki, vyekundu ndani, vibichi, bado vinatoa utomvu. Alivihesabu kwa kidole kama mtoto, akapoteza hesabu, akaanza upya. Hamsini na nane. Magogo hayakuwepo tena, yalikuwa yamebaki matawi tu na njia za magurudumu ya malori. Miti mingine tisa iliyokuwa bado imesimama katikati ya visiki ilikuwa na pete nyekundu ambazo hakuzipiga yeye. Alipandisha darubini, akaikagua mmoja baada ya mwingine, akirudi nyuma na kuzunguka. Juu kulikuwa kusafi. Hata kirukia kimoja hakikuwepo.

Kisha akatafuta ile minne yake. Ilikuwa pale pale, imesimama na virukia vyake, haijaguswa hata kwa shoka. Mti mgonjwa hauna mnunuzi.

Bwana misitu alisimama kama kawaida yake alipomwona anaingia. Alifungua kabati, akatoa daftari na kulifungua kwenye ukurasa wa kuangusha. Ule weupe uliokuwa katikati haukuwepo tena. Chini ya zile nne namba mpya zilishuka moja baada ya nyingine, sitini na saba, mpaka zikagusa sahihi yake.

"Mama, sahihi hii si yako?"

"Ni yangu."

"Basi mimi nimetekeleza orodha yako."

Mama Darubini aliinamia daftari. Alikuwa hatazami sahihi, alikuwa anatazama namba. Tarakimu za nne zilikuwa na kichwa wazi, na za saba zilikuwa na mkia uliopinda. Aliujua mwandiko huo kuliko wake. Alikuwa ameutazama kwa miaka kumi na moja.

Nyumbani alikaa kwenye kigoda kando ya mumewe bila kuvua buti. Mumewe alikuwa anashona soli. Alipomaliza kumweleza, mumewe aliweka sindano chini.

"Labda amelazimishwa. Acha nizungumze naye kwanza, ni mdogo wangu."

"Nitazungumza naye mwenyewe," akasema. "Kazini nilimpeleka mimi, si wewe."

Alimkuta Mkwezi uani kwake, amekaa kwenye benchi, amejifunga taulo zilizochovywa maji ya moto kwenye magoti yote mawili. Mkewe aliwaona walivyotazamana, akajitia kwenda dukani.

"Namba ulijaza wewe," Mama Darubini akasema.

 Mkwezi aliikamua taulo moja, akairudisha. "Magoti yamekwisha, shemeji. Wewe huyaoni kwa sababu uko chini. Nikiteremka kwenye mti siku hizi natetemeka. Bwana misitu aliniahidi kazi ya stoo. Kukaa kwenye kiti, basi, sikutaka kingine."

"Ungeniambia magoti yanauma."

"Ungefanya nini?"

"Ningekutafutia kazi ya chini, kama nilivyokutafutia hii."

Akainamisha kichwa. "Alisema ni miti michache. Halafu ikawa inaongezeka. Sikufikiri itakugusa wewe. Nilidhani wataona orodha tu, hakuna atakayeuliza."

"Ukurasa una sahihi ya nani?"

Mkwezi alivua taulo zote mbili. Mwisho akasema, "Andika barua makao makuu. Wakimleta mkaguzi nitasema yote kama yalivyo. Naapa kwa mama."

Na hapo Mama Darubini, baada ya yote hayo, akamwamini. Aliumia njia nzima, lakini moyoni alijiambia mtu amekosea, amekiri, damu ni damu. Aliandika barua jioni hiyo hiyo. Mumewe alifurahi mpaka akamchemshia maji ya kuoga.

Mkaguzi alifika baada ya siku kumi na mbili. Alikuwa mwanamama wa makamo, mfupi, buti zake zimechakaa visigino, na hilo lilimpa Mama Darubini tumaini kidogo. Waliketi ofisini wanne, feni ikilalamika juu yao. Bwana misitu alieleza kwa utulivu kwamba yeye hajui magonjwa ya miti kama anavyojua mama huyu, kwa hiyo alifuata alama zake. Mkaguzi akamgeukia Mkwezi.

"Namba hizi ni mwandiko wako?"

"Ndiyo."

"Uliziandikaje?"

Mama Darubini alimtazama. Alikuwa anamsubiri kama anavyomsubiri mtu anayeshuka kwenye mti.

"Shemeji ndiye alizitaja," Mkwezi akasema, kwa macho makavu, akiitazama ramani ukutani. "Yeye anataja, mimi naandika. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Hata nilimwambia ni mingi mno, akaniambia mimi ni wa kupanda tu, anayejua ni yeye."

Feni iliendelea.  Kumruka alimruka, hilo Mama Darubini angeweza kulielewa, mtu akiogopa anaruka. Lakini lile la mwisho hakuulizwa na mtu. Lile aliliongeza mwenyewe, kama mtu anayetia chumvi chakula akakionja, na lilikuwa limetengenezwa vizuri, kwa sauti ya Mama Darubini kabisa, kwa namna alivyokuwa akimkemea kwa utani. Kuna mtu alikuwa amekaa na kulifikiria.

"Una la kusema?" mkaguzi akamuuliza.

Alikuwa na mengi. Angeweza kutaja kiapo cha uani, na taulo, na stoo. Alijua yangekuwa maneno yake dhidi ya maneno yao wawili. Akapiga moyo konde.

"Sina la kusema hapa," akajibu. "Naomba twende msituni. Wote."

Walitembea kwa mstari, Mkwezi nyuma kabisa, anachechemea. Kwenye visiki mkaguzi alisimama kwa muda mrefu na mikono kiunoni. Mama Darubini akaanza na ile minne iliyoachwa. Alikata tawi la chini la mmoja kwa msumeno, akalipasua kwa panga, akamwonyesha kivimbe na mizizi ndani ya mbao. "Kirukia kikishika, alama yake ni hii. Haifutiki hata tawi likikauka."

Halafu akawapeleka kwenye matawi ya ile miti hamsini na minane. Wanunuzi walichukua magogo tu, matawi yote yalikuwa yamelala chini. "Tafuta kivimbe, mama. Kimoja tu. Ukikipata, nitaandika mwenyewe barua ya kuacha kazi."

Mkaguzi aliinama akaanza kutafuta, kweli kweli, akigeuza matawi kwa mikono, akivuta moja akiangalia na jingine. Ilichukua karibu saa nzima. Bwana misitu alisimama kwenye kivuli akibonyeza simu. Mkaguzi aliporudi mikono yake ilikuwa na utomvu na alikuwa hajapata kitu.

Ndipo Mama Darubini akamgeukia shemeji yake kwa mara ya kwanza tangu ofisini. Akaweka mkono kwenye mmoja wa ile tisa yenye pete.

"Sheria yetu ni kwamba hatupigi pete mpaka wewe umepanda ukahakikisha. Huu uliupanda?"

Mkwezi aligeukia visiki.

"Nakuuliza wewe, shemeji. Juu kulikuwa na nini?"

Alitazama mti kutoka chini mpaka juu, taratibu, kama aliyesahau ulivyo mrefu. Kisha akaketi kwenye kisiki, magoti mbele, akajifuta uso kwa kofia.

"Sikuupanda," akasema. "Haukuwa na kitu. Hakuna uliokuwa na kitu."

Mkaguzi aliandika maneno hayo pale pale, akamfanya aweke sahihi juu ya kisiki.

Bwana misitu aliondoka wiki iliyofuata. Alikuja mtu na gari akachukua funguo zake na lile daftari. Wengine walisema ameshtakiwa, wengine walisema amehamishiwa mbali. Msituni hawakuletewa habari kamili. Mama Darubini alipata barua ya kumsafisha, aya mbili, na mumewe akaitundika ukutani kibandani, yeye akaiteremsha.

Kuhusu Mkwezi, mkaguzi alimpigia simu Mama Darubini. "Nimeachiwa niamue. Ukisema aondoke, ataondoka kesho."

Aliomba siku moja. Siku hiyo mumewe hakufungua mdomo, na huko kunyamaza kwake kulikuwa kumwombea mdogo wake waziwazi. Mama mkwe alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti, safari hii hakuwa na dawa wala neno. Alilia kidogo, akaaga. Asubuhi Mama Darubini alimwambia mkaguzi kwamba abaki, ila asipande tena, na asiwekwe karibu na rangi wala daftari. Akapelekwa kwenye kizuizi cha barabara, kunyanyua na kushusha gogo la kuzuia magari.

Kilichomuuma zaidi katika miezi ile ni kwamba msimu ulikuwa umepita. Kwa visa vile vyote, ile miti themanini ya mstari mweupe haikukatwa kwa wakati. Matunda yaliiva, ndege wakashiba. Alipopita tena na darubini ukame uliofuata, themanini ilikuwa mia moja thelathini na mmoja. Alipewa mpandaji mpya, mwanamume mzito, mwangalifu, asiyependa utani, na wawili hao wakaanza upya kutoka kona ya mashariki, mti kwa mti. Daftari alianza kuliandika mwenyewe. Mikono ikijaa rangi aliifuta kwanza kwenye suruali, na kila ukurasa alipiga mstari chini ya namba ya mwisho kabla ya kutia sahihi. Kamba alishika vizuri kama zamani. Ila mazoea hayakuwepo tena. Mpandaji alipokuwa juu, Mama Darubini alikuwa anaangalia kamba tu, bila utani.

Kizuizini alipita kila siku. Kwa miezi mingi ilikuwa ni "Shemeji, umeamkaje," na yeye, "Salama," basi. Kwenye shughuli za familia walikaa pande mbili za chumba, watoto wakipeleka vyombo kati yao. Mumewe alijaribu mara mbili kuwapatanisha, mara ya tatu akaacha.

Asubuhi moja ya manyunyu Mkwezi hakunyanyua gogo upesi. Alisimama ameshika kamba yake.

"Shemeji, kwa nini uliwaambia nibaki?"

"Kwa sababu ya mama yako. Usinishukuru mimi."

"Ya orodha yaache. Yale niliyoongeza pale ofisini, yale ya kwamba umenikemea..." Akakwama. "Alinifundisha bwana misitu jana yake. Nilikubali. Sijui kwa nini nilikubali."

Mama Darubini alikuwa ametamani kuyasikia maneno hayo kwa karibu mwaka. Sasa alipoyasikia, hakuona yamempunguzia nini. Alirekebisha mkanda wa darubini ulioloa.

"Unafikiri siku moja tutarudi kuwa kama tulivyokuwa?" Mkwezi akauliza.

"Sijui, shemeji," akasema. "Kweli sijui. Nyanyua hilo gogo, mwenzangu ananisubiri."

Akalinyanyua, naye akapita.